KURA YA MAONI SI KURA

Kila Marekani ichaguapo Rais, magazeti huanza kutangaza mshindi kabla wananchi hawajapiga kura. Fulani yu mbele, fulani ameshuka. Mfanya kazi asomapo hesabu hizo hujiuliza: ikiwa mambo yamekwisha amuliwa, mimi naenda kituoni kufanya nini? Swali hilo ni la hatari, nalo lastahili jibu.

Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest lilipeleka kadi zipatazo milioni 10 kuuliza watu watamchagua nani. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na kwa wingi huo gazeti likatangaza kwamba Bwana Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Kura zilipohesabiwa, Roosevelt alitwaa majimbo 46 kati ya 48. Kosa lilikuwa wapi? Majina mengi yalitolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye motokaa. Katika miaka ile ya dhiki kabwela wengi hawakuwa na simu wala motokaa. Hawakuulizwa, lakini siku ya kura walikwenda. Tena wengi walioulizwa walinyamaza, na waliojibu hawakuwa mfano wao.

Mwaka ule ule Bwana George Gallup aliuliza watu wachache kuliko hao, akabashiri sawasawa. Si ajabu. Mpishi haonji chungu kizima. Kijiko kimoja chatosha, ila sharti mchuzi ukorogwe kwanza. Ukichota mafuta yaliyoelea juu, hutajua chumvi ya chini.

Hata hivyo Gallup naye aliteleza. Mwaka 1948 aliacha kuuliza watu kabla ya siku za mwisho, akambashiria ushindi Bwana Thomas Dewey. Rais Harry Truman hakukata tamaa; alizunguka nchi kwa gari moshi, akihutubia wakulima na wafanya kazi stesheni kwa stesheni, akashinda. Gazeti la Chicago Daily Tribune lilikuwa limekwisha piga chapa ushindi wa Dewey. Wapiga chapa wake walikuwa katika mgomo, na kwa hiyo lilitengenezwa mapema, kabla matokeo hayajafika.

Mwaka 2016 kura za maoni zilimweka mbele Bi Hillary Clinton, na kweli nchi nzima alipata kura karibu milioni 3 zaidi. Lakini Rais wa Marekani huchaguliwa kwa wajumbe wa majimbo, na Bwana Donald Trump alitwaa Wisconsin, Michigan na Pennsylvania kwa tofauti ndogo mno. Katika majimbo hayo wapimaji wengi hawakusawazisha hesabu zao: wenye elimu ya juu walijibu kupita kiasi chao, na wasio nayo wakapungua. Kwa mara nyingine sehemu ya chungu haikukorogwa.

Basi, ndugu msomaji, usizidharau hesabu hizi wala usiziabudu. Uliza: nani aliuliza, nani alilipa, waliulizwa watu gani, na lini? Wakiulizwa watu 1,000, hata kwa uangalifu, kosa la 3 katika 100 kwa kila upande ni jambo la kawaida. Anayeongoza kwa 2 hajaongoza.

Kura ya maoni hueleza jana. Kura ya sandukuni huamua kesho. Anayeshangilia hesabu akabaki nyumbani, na anayezihuzunikia akabaki nyumbani, wote wawili wamempa mwingine haki yao.