Malezi, Wosia na Mirathi: Haki za Mtoto Aliyefiwa na Mzazi

Mzazi anapofariki dunia Tanzania Bara, ndugu hukutana baada ya matanga kujadili mambo mawili, yaani watoto watalelewa na nani na mali itasimamiwa na nani, na mara nyingi la kwanza humalizwa upesi ili la pili lipate nafasi. Sheria nayo imeyatenganisha, kwa kuwa malezi yanaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ilhali mirathi, yaani mali, haki na madeni yote aliyoyaacha marehemu, ina sheria zake. Katika maisha ya mtoto, hata hivyo, mambo hayo hayatenganiki, kwa sababu mtu anayekabidhiwa mtoto bila kuwa na kauli yoyote juu ya mali ya kumlelea hawezi kumlea ipasavyo.

Upande wa malezi sheria imenyooka zaidi. Wazazi wanapoachana, mahakama huamua mtoto akae na nani kwa kutanguliza ustawi wake, ikisikiliza matakwa ya wazazi, mila za jamii yao, na kauli ya mtoto mwenyewe ikiwa ana umri wa kuweza kujieleza. Mtoto aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa anastahili kubaki na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi, na ofisa ustawi wa jamii anaweza kutakiwa achunguze hali ya nyumbani na kuiarifu mahakama. Sheria ya Mtoto, inayomtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, inaongeza jambo ambalo halitajwi vya kutosha katika vikao vya ukoo: hairuhusiwi kumnyima mtoto matumizi ya kiasi kinachofaa kutoka katika mali ya mzazi wake.

Ugumu unaanza pale inapoulizwa mali igawanywe kwa sheria ipi. Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini, kisha hutumia sheria ya Kiislamu, sheria ya kimila, au sheria ya serikali iliyorithiwa kutoka India, yaani Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Katika sheria ya Kiislamu mafungu yamekwisha kupangwa, kwa mfano mke hupata thumni pale mume anapoacha watoto, na wosia hauruhusiwi kuvuka theluthi ya mali. Mila zilizoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 zinamweka binti katika daraja la mwisho la warithi, huku mjane akiachwa bila fungu kwa hoja kwamba watoto wake watamtunza. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa kanuni hizo ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzifuta, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania imekiuka wajibu wake kwa wajane wawili walionyang'anywa makazi kwa kanuni hizo.

Hapa pana kasoro inayostahili kusemwa waziwazi. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, na kwa hiyo mke aliyepewa talaka anastahili sehemu ya mali hiyo. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, ambacho ndicho msingi wa uamuzi huo, kinazungumzia talaka na kutengana wala hakitaji kifo, hivyo mwanamke aliyevumilia ndoa hadi mwisho anaweza kujikuta, chini ya mila, na haki pungufu kuliko aliyeachwa. Anayeumia pamoja naye ni mtoto anayemlea, na hakuna hoja ya mila inayotosha kuhalalisha hilo.

Kwa sababu hiyo wosia, yaani tamko la mtu kuhusu mali yake litakalotekelezwa baada ya kifo chake, ni chombo cha malezi pia. Kwa sheria ya serikali unahitaji angalau mashahidi wawili wasio wanufaika, kwa kuwa alichoachiwa shahidi hubatilika. Kwa mila, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wakiwamo wa ukoo, na anayemnyima mrithi fungu lake hana budi kueleza sababu. Wosia uliotungwa vyema humtaja msimamizi, huonyesha nani alee watoto na kwa fedha zipi, na unaweza kuhifadhiwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, unaojulikana zaidi kama RITA.

Pasipokuwa na wosia, kikao cha familia humpendekeza msimamizi, na muhtasari wake hupelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Ndugu wengi hudhani kwamba aliyeteuliwa amepewa mali, kumbe amekabidhiwa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki kwa wenye haki. Aliyeteuliwa na Mahakama Kuu hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu za ugawaji ndani ya mwaka 1. Asipofanya hivyo bila sababu ya msingi, au akijimilikisha mali hiyo, uteuzi wake unaweza kubatilishwa kwa maombi ya mwenye maslahi. Na mtoto, kupitia mama yake au mlezi mwingine, ni mwenye maslahi hata kabla hajatimiza miaka 18.