Nchi isiyo na bahari yapigania bahari

Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu mpakani, Kamembe ya Rwanda ikiwa upande mmoja na Bukavu ya Kongo upande wa pili. Unateremka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake hutoka kwa mto Lukuga, yakaingia mto Kongo na mwishowe bahari ya Atlantiki. Chupa inayotupwa mtaroni wilayani Rusizi, basi, iko njiani kwenda baharini, hata kama aliyeitupa hajawahi kuiona bahari.

Nyingi hazifiki mbali. Mto unapoanza lipo bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa enzi za Wabelgiji. Mvua ikinyesha, taka za plastiki husombwa kutoka vilimani, huelea ziwani hadi bwawani na kuziba njia ya maji yanayozungusha mitambo. Wafanyakazi huzizoa, na kesho yake huja nyingine.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Mwaka 2019 ikaongeza vitu vya plastiki vinavyotumiwa mara moja na kutupwa. Lakini sheria ya nchi moja hukoma mpakani, na mto haukomi hapo. Ndiyo maana Kigali iliipeleka hoja hiyo kwenye meza za kimataifa.

Mwaka 2021 Rwanda na Peru ziliwasilisha rasimu ya azimio. Tarehe 2 Machi 2022, mjini Nairobi, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa likakubali uandaliwe mkataba wenye nguvu ya kisheria, unaoigusa plastiki tangu inapotengenezwa hadi inapotupwa. Rwanda na Norway zikaongoza kundi la nchi zinazotaka mkataba mkali. Aprili 2024, huko Ottawa, Rwanda na Peru zilipendekeza uzalishaji wa plastiki ghafi upunguzwe kwa asilimia 40 ifikapo 2040, ukilinganishwa na wa 2025.

Mmoja wa waliojulikana katika mazungumzo hayo ni Juliet Kabera, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa mamlaka ya mazingira ya Rwanda, REMA. Huko Busan, Korea Kusini, kikao kilipokwama Desemba 2024, alisoma tamko kwa niaba ya nchi zaidi ya 80, kisha akawaomba wanaounga mkono wasimame. Ukumbi ukainuka, makofi yakadumu.

Makofi hayakuleta mkataba. Plastiki hutokana na mafuta na gesi, na baadhi ya nchi zinazoyachimba zinataka mkataba ushughulikie taka tu, usiguse uzalishaji. Kwa kuwa uamuzi hutafutwa kwa kauli moja, wachache wanaweza kuwazuia wengi. Kikao cha Geneva cha Agosti 2025 nacho kiliisha bila mapatano.

Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa tani milioni 19 hadi 23 za taka za plastiki huingia mitoni, ziwani na baharini kila mwaka. Rwanda, Kongo, Burundi na Tanzania, zinazofikiwa na maji ya Rusizi, zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hazihitaji kusubiri Geneva ili zikubaliane kuhusu mto wao.