Kisoma-Skrini Kinachobebeka na Kanuni za Matamshi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Kisoma-skrini ni programu ya tarakilishi inayogeuza maandishi na alama za kwenye skrini kuwa usemi, au kuyapeleka kwenye kifaa cha Breili, ili mtu asiyeona aweze kusoma, kuandika na kuendesha mashine bila kuazima macho ya mwingine. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu ya aina hiyo inavyoundwa ili iweze kubebwa mfukoni, na kuonyesha kwamba udogo huo unaomfaa mtumiaji ndio pia unaoifanya sauti yake itegemee mno kanuni za lugha. Mfano tutakaoutumia ni NVDA, programu ya mfumo wa Windows iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006 na Michael Curran, akaungwa mkono baadaye na James Teh. Wote wawili hawaoni.

2. Sababu na namna ya kubebeka

Mwanafunzi asiyeona aghalabu hulazimika kutumia tarakilishi zisizo zake: za maktaba, za maabara ya chuo, au za kukodi mjini. Kusakinisha programu katika mashine hizo huhitaji ruhusa ya msimamizi, na msimamizi huenda asiwepo, au akikuwepo asikubali. Dawa ya tatizo hili ni programu inayokaa katika flashi, ambayo mwenyewe huichomeka, akaiendesha, na akimaliza akaondoka nayo.

Hapo zamani jambo hili halikuwa rahisi. Visoma-skrini vingi vya awali vya Windows vilifanya kazi kwa kuinasa michoro ilipokuwa njiani kuelekea skrini, kisha vikabuni maana yake. Unasaji huo ulihitaji kiendeshi maalumu kilichopachikwa ndani kabisa ya mfumo, na kiendeshi cha namna hiyo hakibebeki. Mwaka 1997 kampuni ya Microsoft ilitoa utaratibu uitwao Active Accessibility, ambao kwao programu moja huweza kuuliza habari za nyingine: kitu hiki ni cha aina gani, kinaitwaje, na kiko katika hali gani? Programu inayoweza kuuliza haina haja kubwa ya kunasa. NVDA ilijengwa juu ya misingi ya kuuliza, na ndiyo sababu nakala yake inaweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka katika flashi, pamoja na mapendeleo ya mwenyewe: kasi ya usemi, aina ya sauti, na kamusi yake ndogo ya matamshi. Aidha, programu hii hutolewa bila malipo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuurekebisha.

Hata hivyo, nakala ya kubeba ina mipaka yake. Haiwezi kuanza yenyewe mtu anapoingia katika mashine, wala haisomi kurasa za usalama, kwa mfano ile inayoomba idhini ya msimamizi. Yaani mlango wa kwanza bado hufunguliwa na mwingine.

3. Udogo wa programu na asili ya sauti

Kuna njia mbili kuu za kuunda usemi kwa mashine. Ya kwanza hutumia rekodi za binadamu, ama kwa kuunganisha vipande vyake, ama kwa kuufundisha mtambo uige. Sauti yake hupendeza, lakini huhitaji rekodi za saa nyingi, ambazo si kila lugha inazo. Ya pili haitumii rekodi za msemaji kama msingi wake. Huunda mawimbi ya sauti kwa hesabu, kwa kufuata kanuni zinazoeleza mikondo ya masafa inayoitambulisha kila irabu na konsonanti. Hii ndiyo njia kuu ya eSpeak, mtambo ulioanzishwa na Jonathan Duddington, ambao toleo lake la eSpeak NG hufungashwa pamoja na NVDA. Ingawa lugha zake ni nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo, ukubwa wake ni megabaiti chache tu. Sauti yake ni kavu, lakini husikika vyema hata inapoharakishwa sana, na wasomaji wengi wasioona huipenda kwa sababu hiyo.

Kanuni za kila lugha katika mtambo huu zimeandikwa katika faili za maandishi ya kawaida: moja ya kanuni za jumla za kugeuza herufi kuwa fonimu, na nyingine ya maneno yasiyofuata kanuni hizo. Kwa hakika, huo ni muhtasari wa fonolojia ya lugha ulioandikwa kwa ajili ya mashine.

4. Kanuni za Kiswahili

Hudhaniwa kuwa Kiswahili ni chepesi kwa mashine kwa kuwa hutamkwa kama kiandikwavyo. Dhana hiyo ni kweli nusu tu.

(a) Silabi. Herufi mb katika mbuni, yule ndege, ni sehemu ya silabi moja. Katika mbuni, mti uzaao buni, m husimama peke yake kama silabi. Tahajia haionyeshi tofauti hiyo.

(b) Mkazo. Kwa kawaida mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na huhama neno linaporefuka: katika kitabu hukaa kwenye ta, katika kitabuni kwenye bu. Katika mtu na nchi hukaa kwenye m na n. Lakini barabara yenye maana ya njia hutofautiana kimkazo na barabara yenye maana ya sawasawa, na hapa orodha ya maneno ya kipekee haitoshi. Muktadha ndio unaoamua.

(c) Kibainishi. Katika ng'ombe alama hii ni sehemu ya konsonanti, si alama ya kunukuu. Nayo huchapwa kwa maumbo mawili, lililonyooka na lililopinda. Kanuni zikilijua moja tu, neno huvunjika vipande viwili.

(d) Tarakimu. Hapa ndipo penye ugumu zaidi. Maandishi vitabu 3, miti 3 na nyumba 3 husomwa vitatu, mitatu na tatu. Walimu 28 ni ishirini na wanane, ilhali walimu 26 ni ishirini na sita, kwa kuwa sita haichukui kiambishi. Kifungu cha 2 husomwa cha pili. Mtambo unaosoma tarakimu bila kuitazama nomino iliyotangulia huzungumza Kiswahili kisicho na upatanisho wa kisarufi. Msomaji anayeona hupita juu ya tarakimu na kujitamkia mwenyewe. Asiyeona hupokea alichotamkiwa.

5. Wajibu wa mwandishi

Kanuni hizi zote hazifai kitu ikiwa mtambo haujui kwamba unasoma Kiswahili. Kisoma-skrini hubadili lugha kwa kufuata alama iliyowekwa ndani ya hati. Hati isiyo na alama hiyo husomwa kwa lugha aliyoichagua mtumiaji, na ikiwa ni Kiingereza, mtu na ng'ombe hugeuka kelele. Vilevile, makala yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa ni bubu kwa kisoma-skrini mpaka herufi zake zitambuliwe upya.

6. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaja lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu hichohicho kinaitaka dola ikuze Breili na teknolojia za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. Mambo hayo mawili hukutana katika programu tuliyoieleza. Mafundi wamekwisha kutimiza sehemu yao: programu inabebeka, haina bei, na kanuni zake ziko wazi. Orodha ya silabi za m, ya maneno yenye mkazo wa kipekee, na ya upatanisho wa tarakimu kwa kila ngeli haiwezi kuandikwa na fundi asiyeijua lugha. Tayari tunaifundisha madarasani. Kilichobaki ni kuiandika kwa namna ambayo mashine itaielewa.