Neno Moja, Maana Mbili

Maneno ya Kiingereza yamo vinywani mwetu kila siku. Lakini mengi tuliyapokea kwa maana moja, nyingine tukawaachia wenyewe. Hapo ndipo mfanyakazi anapopatia hasara.

Litazame neno "bill". Mkazi wa Dodoma akiletewa bili ya maji, anajua kuwa ni hesabu ya kulipa. Lakini Bungeni, katika mji huo huo, neno hilo ni muswada, yaani sheria ambayo haijapitishwa. "Leave" ni kuondoka, tena ni likizo. Mpango mkubwa wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, Waingereza waliuita "scheme". Neno hilo ni mpango, tena ni hila. Maneno yanayolizunguka ndiyo huamua.

Zito kuliko yote ni "interest". Shuleni tulifundishwa kuwa ni hamu ya kujua jambo. Katika karatasi ya mkopo ni riba. Atiaye sahihi akidhani anasifiwa hamu yake, atakatwa mshahara miezi mingi.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hilo ni jema; lakini mikataba mingi ingali kwa Kiingereza. Basi kabla ya kutia sahihi, haitoshi kuuliza, "Neno hili maana yake nini?" Yafaa tuulize, "Hapa maana yake nini?" Kuuliza si ujinga.