Habari za Nyika Kumfikia Mtafiti Papo kwa Papo

Katika jimbo la California, nchini Marekani, nyasi za asili zenye kuishi miaka mingi zimesongwa mahali pengi na nyasi za kigeni zilizotoka nchi za kandokando ya Bahari ya Mediteranea, ambazo huota, huzaa mbegu na kufa ndani ya mwaka mmoja. Miongoni mwa mambo yaliyoshukiwa kuzisaidia hizo ngeni ni virusi vinavyodumaza shayiri na kuyageuza majani kuwa manjano, ambavyo huchukuliwa na vidukari kutoka mmea hadi mmea. Ugonjwa huo hushambulia ngano pia, nao umekwisha kuonekana katika mashamba ya Kenya.

Maisha ya kidukari hutegemea hali ya hewa, hivyo mtu anayetaka kujua ugonjwa utaeneaje hana budi kujua joto, mvua na unyevu wa udongo wa mahali penyewe. Zamani mtafiti aliviacha vyombo vyake nyikani, akarudi baada ya majuma au miezi kuchukua vipimo. Chombo kikiharibika siku ya pili baada ya yeye kuondoka, msimu mzima ulipotea, wala hakuna namna ya kuupima msimu uliokwisha kupita.

Vitambuzi vyenye kutuma vipimo kwa redio viliondoa taabu hiyo, vikaleta nyingine. Kitambuzi kimoja chenye kupima kila dakika hutoa vipimo 1,440 kwa siku, yaani 525,600 kwa mwaka. Nani atavikagua vyote? Vyombo vingi, vinapokosa kipimo, huandika alama kama -9999 mahali pake. Tuseme joto limepimwa kuwa nyuzi 20, 21 na 22, kisha ikaja alama hiyo: wastani wa yote manne utakuwa nyuzi 2,484 chini ya sifuri! Upuuzi huo angalau hujitangaza wenyewe. Linaloogofya zaidi ni kosa la kipimajoto kilichopoteza kivuli chake, kikachomwa na jua na kuzidisha nyuzi mbili au tatu, kwa maana tarakimu zake hufanana kabisa na za kweli.

Haja hiyo ndiyo iliyoshughulikiwa na mradi wa REAP, ulioanza mwaka 2006, ambao ulizifanya nyasi hizo kuwa mojawapo ya majaribio yake. Jaribio jingine lilihusu joto la uso wa bahari. Mradi uliunganisha programu mbili za kompyuta. Ya kwanza ni Kepler, yenye jina la mwanafalaki wa Kijerumani, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilitolewa mwaka 2008. Ndani yake mtafiti huichora kazi yake kwa visanduku vilivyounganishwa kwa mistari: kimoja hupokea vipimo, kingine huvichuja, kingine hupiga hesabu, cha mwisho huchora grafu. Kila kisanduku huitwa mwigizaji, na juu yao yupo mwongozaji anayeamua kama watafanya kazi kwa zamu au wote kwa pamoja. Msamiati huo wa jukwaani, kwa kweli, unaeleweka upesi kuliko maelezo mengi ya wahandisi.

Hata hivyo, kompyuta imezoea kupewa faili lenye mwanzo na mwisho, ilhali vipimo vya nyikani havikomi. Hapo ndipo ilipohitajika programu ya pili, DataTurbine. Hiyo huvipokea vipimo kadiri vinavyofika na kuviweka katika ghala la mviringo. Ghala likijaa, vya zamani hufutwa kupisha vipya. Kepler huweza kusoma vya sasa hivi, au kurudi nyuma kidogo kama mtu arudishaye kanda ya kinasa sauti. Kwa njia hiyo mtafiti aliye mbali huweza kupata onyo siku ileile kitambuzi kinapoanza kwenda kombo, akatuma fundi.

Aidha, Kepler huweza kutunza kumbukumbu ya kila hatua: kipimo kipi kiliingia, kikapitia kwa mwigizaji yupi, kikatoka vipi. Ikibainika miezi sita baadaye kwamba kipimajoto fulani kilikuwa juani, grafu zote zilizokitegemea hujulikana, na hizo peke yake ndizo hupigiwa hesabu upya.