Kufuma ni Kufumua: Safari ya Sweta na Shali ya Shanga

Msomaji, siku moja ukimkuta mtu ameketi Jumapili alasiri, sweta aliyoihangaikia kwa wiki tatu iko mapajani, naye anavuta uzi na kuifumua mstari baada ya mstari hadi inarudi kuwa donge, usimwonee huruma. Wala usimcheke. Huenda huyo ndiye fundi.

Wengi wetu tulijaribu kufuma tulipokuwa shuleni, au tulipokaa kando ya mama au shangazi msimu wa baridi. Tulianza skafu, ikatushinda katikati, tukaisukuma chini ya kitanda pamoja na sindano zake. Tukiulizwa sababu, tunasema mikono yetu ni mizito.

Mara nyingi tatizo si mikono. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetuambia mapema kuwa kufumua ni sehemu ya kufuma. Lugha yetu yenyewe yajua jambo hilo, kwani maneno hayo mawili ni ndugu toka nitoke.

Bila shaka utauliza: kwa nini mtu wa mjini ajisumbue kufuma ilhali Gikomba kuna marundo ya sweta za mitumba za kila rangi? Swali hilo ni la haki. Ukipiga hesabu ya uzi na saa zako, sweta ya kufuma mwenyewe haitakuwa rahisi kuliko ya mtumba. Anayekuambia utaokoa pesa anakudanganya.

Faida yake iko kwingine. Sweta ya mtumba ilikatwa kwa kifua cha mtu usiyemjua. Ile unayoifuma ina urefu wa mkono wa mtoto wako, wala si wa mtoto mwingine. Tena kazi yenyewe hukufunza kutazama kosa lako bila kukasirika, jambo ambalo wengi wetu hatujalijua hata tukiwa na mvi.

Usidhani pia kwamba hii ni kazi ya wanawake peke yao. Miongoni mwa vipande vya kale vya ufumaji wa sindano ni soksi za pamba zilizopatikana Misri, zenye umri wa mamia ya miaka. Huko Ulaya, vyama vya mafundi wa kufuma vilikuwa vya wanaume, na aliyebuni mashine ya kwanza ya kufuma soksi kule Uingereza mwaka 1589, William Lee, alikuwa mwanamume.

Hapa kwetu, ufumaji ulienea kupitia shule za misheni na vikundi vya akina mama. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952, ilikuwa na vikundi mashinani ambamo akina mama walifunzwa kushona na kufuma. Ndiyo maana nyanya wengi wa Kinangop, Limuru na Molo, mahali ambapo baridi ya Julai haina mzaha, wanaweza kufuma huku wakipiga gumzo, bila kutazama sindano.

Kipande cha majaribio

Ninaye jirani ambaye ni karani katika ofisi moja jijini. Alifunzwa na mamake, mkazi wa Kinangop, lakini aliacha sindano alipoolewa. Miaka mitatu iliyopita alizirudia. Mwaka wa kwanza alifuma skafu. Mwaka wa pili akajasiri sweta ya mumewe.

Maelezo aliyoyafuata yalisema kifua cha sentimita 100 kinahitaji stichi 220. Akahesabu 220 barabara, akafuma kila jioni baada ya chakula, mwisho akamvisha mzee. Sweta ilimtosha, ikabakisha nafasi ya kuingiza mtoto.

Kosa lilikuwa wapi? Maelezo yalikusudia stichi 22 katika kila sentimita 10. Mkono wa jirani yangu ni mlegevu kidogo, hivyo yeye alipata stichi 20 tu katika nafasi hiyo hiyo. Wewe mwanafunzi, hebu chukua kalamu: stichi 220 ukigawa kwa 20, kisha ukizidisha kwa 10, utapata sentimita 110. Tofauti ya stichi mbili, ambayo jicho haliioni, ilizaa sentimita 10 nzima.

Dawa yake ni kipande cha majaribio. Kabla ya kuanza sweta, chukua uzi na sindano utakazotumia, ufume kipande cha mraba cha kama sentimita 15 kila upande. Kioshe, kikauke, kisha weka rula katikati na uhesabu stichi zilizomo katika sentimita 10. Zikiwa chache kuliko maelezo, chukua sindano nyembamba zaidi. Zikizidi, chukua sindano nene. Fuma kipande kingine, upime tena.

Watu wengi hukiona kipande hicho kuwa ni kupoteza jioni moja. Jirani yangu alikiruka, akapoteza jioni arobaini. Aliifumua sweta yote, akaanza upya kwa sindano nyembamba. Mumewe anaivaa mpaka leo.

Jambo jingine alilojifunza ni kununua uzi wote kwa mara moja. Katika karatasi inayozunguka donge huwa na namba ya rangi na namba ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja. Madonge mawili yanaweza kuwa ya rangi moja dukani, lakini kama namba ya mkupuo si moja, ukishafuma utaona mstari umejichora kifuani kama mpaka wa shamba.

Shali na hesabu yake

Mwaka huu jirani yangu yumo katika kazi ngumu zaidi: shali ya pembe tatu, rangi ya damu ya mzee, yenye shanga nyeupe ukingoni. Anamfumia mamake. Vidole vya mama huyo vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo na haviwezi tena kushika sindano. Aliyefunza sasa anangoja kufumiwa, na mwanawe anataka shali ifike Kinangop kabla ya Krismasi.

Shali ya aina hii huanzia katikati ya shingo kwa stichi chache mno, kisha huongezwa stichi nne katika kila mistari miwili. Mistari ya mwanzo hukimbia. Unamaliza kumi huku sufuria ya chai haijachemka. Hapo ndipo mtego ulipo.

Maelezo yake yalikuwa ya mistari 160. Alipofika mstari wa 80 alifurahi, akaamini amefika nusu ya safari. Lakini, msomaji, kumbuka umbo la pembe tatu: kila mstari ni mrefu kuliko uliotangulia. Ukimaliza nusu ya mistari umemaliza robo tu ya kazi, na umetumia robo tu ya uzi.

Aliuweka uzi uliobaki kwenye mizani ya jikoni. Alikuwa ameanza na madonge manne ya gramu 50, yaani gramu 200. Alikuwa ametumia 60. Ikiwa robo ni gramu 60, shali nzima ingekula gramu 240, naye hakuwa nazo. Dukani, uzi wa mkupuo ule ulikuwa umekwisha.

Angeweza kufunga macho na kuendelea kwa matumaini. Wengi hufanya hivyo, na uzi huwaishia wakiwa ukingoni. Yeye alirudi kwenye kalamu na karatasi, akaona kwamba akisimama mstari wa 136 atakuwa ametumia kama gramu 173, na gramu 27 zitabaki kwa ukingo wa shanga na mstari wa kufungia. Shali itakuwa ndogo kidogo kuliko ile ya maelezo, lakini itakuwa shali kamili.

Shanga

Kutia shanga katika ufumaji si kuzishonea juu baada ya kumaliza. Shanga huingia ndani ya kazi yenyewe, na njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kuzitunga shanga zote kwenye uzi kabla ya kuanza, kisha kuisogeza moja baada ya nyingine hadi mahali pake. Ubaya wake ni kwamba uzi unasuguliwa na shanga mamia ya mara, na ukikosea hesabu ya shanga itakubidi ukate uzi. Njia ya pili ni kutumia sindano nyembamba sana yenye kulabu, ya aina ya krosheti. Unaivisha shanga moja, unaishika stichi kwa kulabu, unateremsha shanga juu ya stichi, kisha unairudisha stichi kwenye sindano yako. Ni ya polepole, lakini shanga hukaa pale pale unapotaka.

Dukani shanga za kioo huuzwa kwa namba, na namba hizo huwachanganya wageni: inavyozidi kuwa kubwa, ndivyo shanga inavyokuwa ndogo. Namba 6 ina upana wa kama milimita 4, namba 8 kama milimita 3, na namba 11 kama milimita 2. Kwa uzi wa unene wa kati, namba 6 ndiyo itakayopita kwa urahisi.

Kabla ya kutia shanga hata moja, zilaze chache katika maji ya uvuguvugu na sabuni usiku kucha, juu ya kitambaa cheupe. Zikiacha rangi, zirudishe. Afadhali uijue tabia yake kwenye kitambaa kuliko kwenye shali ya mama.

Uzi wa uokozi

Mwezi uliopita jirani yangu aligundua kuwa stichi moja ilikuwa imeteleza mistari 14 nyuma, katika sehemu yenye matundu ya urembo. Kwa mbali usingeiona. Alijua kwamba ukiiosha shali na kuinyoosha, kijitundu kile kingefunguka na kuendelea kuteremka.

Kilichomwokoa ni uzi mwembamba wa cherehani. Kila baada ya mistari 20 huupitisha kwa sindano ya mkono ndani ya stichi zote zilizo kwenye sindano, akauacha humo. Kosa likitokea, huchomoa sindano na kufumua hadi kwenye uzi huo. Hapo stichi zote zinasimama, hakuna inayoteleza. Alifumua mistari 18 usiku mmoja, akairudia kwa siku nne. Sasa yuko mstari wa 112.

Ukiutia uzi wa namna hiyo, kufumua hakukutishi. Unajua utarudi wapi.

Uzi wa kufumuliwa

Ikiwa uzi mpya wa sufu umekushinda bei, kuna njia wanayoijua wafumaji wengi: kununua sweta ya mtumba ya sufu na kuifumua. Lakini usinunue kabla ya kuigeuza ndani nje na kutazama mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine ya ovaloki, iache. Kila mstari umekatwa, na utapata vipande vifupi visivyo na kazi. Kama kingo ni nzima na zimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo, umebahatika. Uzi utatoka mrefu.

Ukishaufumua, uzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge sehemu tatu au nne, uuloweke katika maji baridi, kisha uutundike na kitu kizito kidogo chini yake. Mikunjo itanyooka, nao uzi utakuwa tayari kwa maisha ya pili.

Jihadhari na maji ya moto. Sufu ikioshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hujikunja na kugandamana, sweta ya baba ikawa ya mwanasesere. Uzi wa akriliki hauna shida hiyo, nao ni mzuri kwa sweta za watoto zinazooshwa kila mara. Lakini kwa shali yenye matundu, sufu hushinda. Ukiiloweka, ukaitandaza juu ya godoro na kuibana kwa pini hadi ikauke, matundu hufunguka na umbo hubaki.

Pa kuanzia

Usianze na sweta. Anza na kipande cha mraba, stichi 30, kwa uzi mnene wa rangi nyepesi ili uone unachofanya. Jifunze stichi ya mbele na stichi ya nyuma mpaka mikono izoee. Kisha fuma skafu, halafu sweta ya mtoto mchanga, ambayo ni ndogo na husamehe makosa. Shali ya shanga ije baadaye.

Ikiwa kuna nyanya au shangazi katika ukoo wenu anayejua kazi hii, mwendee mapema, vidole vyake vikiwa bado vinamtii. Mbebee uzi, ukae chini, umtazame.

Na kabla ya kusonga mbele, fanya zoezi moja ambalo maelezo mengi hayalitaji. Fuma mistari kumi, kisha chomoa sindano kwa hiari yako, vuta uzi, uzifumue zote. Zifume tena. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, na mkono uliozoea kufumua hauogopi kuanza.