Majibu Unayompa Mtafiti Huishia Wapi?

Katika vijiji vyetu vya tambarare, kuanzia Bendera na Kihurio hadi Ndungu na Maore, mgeni mwenye kalamu na makaratasi si jambo geni. Hupita nyumba kwa nyumba na kuuliza: Watoto wangapi wanalala ndani ya chandarua? Mtoto akishikwa na homa usiku, mnampeleka wapi kwanza? Nani anatoa nauli? Mama hujibu huku akikoroga uji. Mgeni hushukuru, hufunga daftari lake na kwenda zake. Baadaye watu huulizana: yale majibu yetu yalikwenda wapi? Mwezi huu tutazame swali hilo, kwa sababu linagusa uhai wa watoto wetu.

MTAALAMU HUYU NI NANI?

Daktari huchunguza mwili wa mgonjwa. Mtu wa maabara huchunguza damu yake. Yuko na mtaalamu wa tatu, mwanasosholojia wa tiba, ambaye huchunguza maisha yanayomzunguka mgonjwa: kwa nini alichelewa kufika zahanati, nani mwenye kauli nyumbani, ugonjwa huo wanauita jina gani, na waliogopa nini. Wengine wa fani hii hufundisha vyuoni. Wengine hufanya kazi pamoja na hospitali na miradi ya afya, ili yale wanayoyagundua yarekebishe huduma. Hao ndio wanaofika kwetu mara nyingi.

Lakini ugunduzi uliobaki ndani ya daftari haumsaidii mtu. Lazima uandikwe, uhakikiwe na kuchapishwa. Mifano miwili ya hapa nchini itatuonyesha hivyo.

MFANO WA PARE NA TAVETA

Wazee wetu huenda wanakumbuka wapulizaji dawa wa miaka ya 1950. Kati ya 1954 na 1959 ulifanyika mpango mkubwa wa majaribio ya kuzuia malaria katika eneo la Pare na Taveta, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya. Ulihusisha taasisi ya utafiti wa malaria iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara. Nyumba zilipuliziwa dawa iitwayo dieldrini. Mbu walipungua sana, malaria ikapungua, na vifo vya watoto wachanga vikapungua pia.

Upulizaji uliposimama, malaria ilirudi pole pole. Hata hivyo, vifo vya watoto havikurudi papo hapo katika kiwango cha zamani. Kwa nini? Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba dawa za malaria zilikuwa zimeanza kupatikana kwa urahisi zaidi. Hapo ndipo kuhesabu mbu peke yake kunaposhindwa kutoa jibu. Yabidi kujua nani alinunua dawa, aliinunua wapi, na alimpa mtoto siku ya ngapi ya homa. Hayo ni maswali ya nyumbani.

Matokeo ya mpango huo yalichapishwa. Ndiyo maana mwaka 1991 mtaalamu David Bradley aliweza kuyachambua upya, tangu 1954 hadi 1966, katika kitabu cha Benki ya Dunia juu ya magonjwa na vifo barani Afrika. Kama makaratasi yale yangeliwa na mchwa stoo, habari za watoto wa enzi hizo zingepotea kabisa.

MFANO WA BAGAMOYO

Mfano wa pili ni wa miaka ya 1990. Watafiti, wakiwamo Peter Winch na wenzake wa Muhimbili, walikuwa Bagamoyo katika mradi wa vyandarua. Kabla ya kuwafundisha watu, waliuliza kwanza watu wenyewe wanazitajaje homa zao.

Waligundua jambo zito. Watu waliposikia "homa ya malaria" walifikiria homa ya kawaida, ile inayotibika kwa vidonge. Mtoto aliyetupwa na degedege walimhesabu kuwa na ugonjwa mwingine kabisa. Wengi waliamini kuwa chanzo chake ni shetani mwenye umbo la ndege. Kwa hiyo mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga wa jadi, akafukizwa na kupakwa dawa. Wengine waliogopa kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa.

Wazazi wale hawakuwa wajinga wala wazembe. Walimpeleka mtoto haraka pale walipoamini kuna msaada. Kosa lilikuwa katika mafundisho ya afya, yaliyotumia neno "malaria" bila kujua kwamba masikioni mwa mama neno hilo halikubeba degedege ndani yake.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996 katika majarida ya kitaalamu. Tangu hapo, mwalimu wa afya mahali popote aliweza kuyasoma na kubadili maneno yake: degedege yaweza kuwa malaria kali, na mtoto huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

KUCHAPISHA KUNA FAIDA GANI?

Mtafiti akimaliza kuandika, hupeleka kazi yake kwa mhariri wa jarida. Mhariri huwapa wataalamu wengine waihakiki. Wao huuliza: Uliongea na watu wangapi? Uliwachaguaje? Je, ulisikia ulichotaka kusikia tu? Mara nyingi kazi hurudishwa irekebishwe, na miezi mingi yaweza kupita. Kuchekecha huko kuna maana, kwa kuwa habari mbovu ya afya inaweza kuua.

Kuna faida nyingine. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la dawa ya sindano iitwayo artesuneti kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika. Baadhi yao walitibiwa jirani zetu, Korogwe na Muheza. Kati ya kila watoto 100 waliopewa kwinini, walikufa kama 11. Kwa artesuneti walikufa kati ya 8 na 9. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti kwa watoto pia.

Lakini angalieni, wazazi. Sindano hiyo humsaidia mtoto aliyefikishwa hospitali. Yule aliyebaki nyumbani kwa kuogopa sindano haiwezi kumfikia. Mtaalamu wa dawa na mtaalamu wa jamii wanahitajiana.

UPUNGUFU ULIOPO

Majarida mengi huandikwa kwa Kiingereza, na mengine husomwa kwa malipo. Mama aliyetoa majibu hawezi kusoma habari zake mwenyewe. Hilo si haki. Mtafiti mwema huleta majibu kwa Kiswahili: katika mkutano wa kijiji, zahanati, shuleni au kwenye jumuiya ndogondogo.

MTAFITI AKIBISHA HODI

Yafaa umkaribishe, lakini muulize haya:

1. Je, ana kibali? Utafiti wa afya wapaswa kuwa na kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, ni mojawapo ya vyombo vinavyokitoa.
2. Anatafuta nini, na kwa faida ya nani?
3. Jina langu litafichwaje?
4. Matokeo yatarudi lini kijijini, na nani atayaleta?

Una haki ya kukataa, au kuacha katikati, bila kunyimwa matibabu. Ukikubali, sema kweli. Ukisema mtoto hulala ndani ya chandarua kumbe chandarua kinafunika vifaranga, mradi utapangwa juu ya uongo, na atakayeumia ni mtoto.

Mwisho, tusingoje mtafiti kwa jambo hili moja. Mtoto akishikwa na degedege, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na umkimbize kituo cha afya saa ile ile, hata kama ni usiku. Mwambie mhudumu homa ilianza lini na umempa dawa gani. Ikiwa mlianza na dawa za kienyeji, semeni bila kuficha. Nanyi wahudumu, mpokeeni mama huyo bila kumkaripia, ili siku nyingine asiogope kuja.